Cheche Pekee Hazimfanyi Mtu Fundi

(Hotuba fupi kwa wanagenzi wapya wa uchomeleaji vyuma katika chuo cha ufundi cha kaunti)



Niliwahi kutumwa kupiga picha katika karakana kama hii. Fundi alikuwa amevaa kofia ya kinga. Mimi nilikuwa na kamera tu. Niliutazama ule moto kwa dakika chache. Usiku macho yaliniwasha kana kwamba yametiwa mchanga, yakatoa machozi hadi alfajiri. Nilielezwa hospitalini kwamba ni mionzi ya moto wa umeme, na kwamba miwani ya jua si kinga.

Miwani hiyo ndiyo wanayotegemea mafundi wengi wa jua kali. Kazi wanaijua, lakini walijifunza kwa kumtazama mtu ambaye naye hakuelezwa. Hapa mtaelezwa. Mtajua kwa nini kioo cha kofia huwa cha namba 10 au zaidi. Mtajua kwa nini bomba lililopakwa zinki huleta homa na kikohozi likichomelewa mahali pasipo na hewa. Mtajua kwa nini mshono unaweza kupendeza juu ilhali ndani vyuma havijashikana.

Mshono huo ukiwa kwenye geti, mwenye nyumba atalalamika. Ukiwa kwenye stendi ya tangi, ni hatari kwa maisha: lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa hivyo karakana hii ni yenu. Msiishie kujua kushika elektrodi. Fanyeni mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Daraja la III, kisha la II, hadi la I. Mwajiri asiyekujua ataomba cheti kabla ya kuona mkono wako.

Nina ombi moja. Kila mmoja wenu anamjua kijana anayechomelea kando ya barabara bila cheti. Mwambieni kwamba hata aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani huo. Na kabla ya hayo yote, mwambieni anunue kofia ya kinga. Cheti kinaweza kutafutwa mwakani. Jicho likiharibika halina mtihani wa marudio.

Karibuni karakanani.