Ua la Usambara Kivulini

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya ua dogo lipendalo kivuli na unyevu, nasi twakaa Kisongo, mahali ambapo vitu hivyo viwili ni haba. Asiyeijua Arusha na ajue kwamba mvua za mlima Meru hunyesha zaidi upande wa kusini na mashariki. Huko ndiko kwenye migomba na mibuni. Sisi tulio magharibi, kando ya njia iendayo Makuyuni, fungu letu kubwa ni upepo na vumbi.

Ua hili ni la nchi yetu wenyewe. Huota katika misitu ya milima ya Usambara na milima mingine ya mashariki, na katika majabali ya karibu na Tanga, likishika mizizi katika nyufa za mawe penye majani yaliyooza. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, alililetea habari kwa baba yake Ulaya pamoja na mbegu zake. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Hannover, akaliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wao. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia katika jamaa ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawakujisumbua na habari hiyo.

Leo laonekana madirishani kote Ulaya na Marekani. Wanafunzi wetu tulipowaonyesha picha yake, wote walisema ni ua la Kizungu. Jambo hilo lilituchoma, hasa kwa kuwa misitu ya kwao hilo ua imekatwa sana kwa mbao na mashamba, na baadhi ya aina zake zimebaki mahali pachache tu. Kwa hiyo msiling'oe msituni hata kidogo. Jani moja kutoka bustani ya mtu latosha, kama mtakavyosikia.

Miche yetu ya kwanza ilikufa, na kosa lilikuwa letu. Tuliipanda katika udongo mzito wa shambani, tukaimwagia maji ya baridi juu ya majani saa sita mchana. Majani yakatoka madoa, kisha shina likaoza. Ndipo tulipofahamu kwamba mmea upendao unyevu si mmea upendao tope. Kule jabalini maji hupita, hayatuami.

Basi sasa hufanya hivi. Twatwaa kopo, twalitoboa chini, twalijaza mboji ya chini ya miti iliyochanganywa na mchanga na makaa kidogo yaliyopondwa. Twakata jani zima pamoja na kikonyo chake, kadiri ya inchi moja na nusu, twakichomeka kikonyo katika mchanga wenye unyevu. Baada ya mwezi hivi hupata mizizi. Vichipukizi huchelewa zaidi, na mwenye haraka hulifukua jani kutazama, akaliua. Kopo hukaa barazani upande wa mashariki, lipate jua la asubuhi tu. Wakati wa kumwagilia, twaliweka ndani ya sahani yenye maji mpaka udongo wa juu ulowe, kisha twalitoa lichuruzike. Wakati wa kiangazi twaliweka juu ya changarawe zilizolowa, ili hewa ya chini isikauke. Mwezi wa Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, twaliingiza ndani, mbali na moshi wa jiko.

Mama mmoja mzee, jirani yetu, alitukuta siku moja tukimwagilia, akasema, "Mwalimu, watoto wangu hutembea na punda kutafuta maji, nawe wayapa majani yasiyoliwa?" Tulinyamaza, maana alisema kweli. Tangu siku ile tumejiwekea sheria: hapana maji yatakayotekwa kwa ajili ya maua. Ua hunywa maji yaliyokwisha kuosha mchele au mboga, yasiyo na sabuni wala chumvi, nayo kikombe kimoja hulitosha siku nne au tano. Siku ambazo hapana mchele hungoja, na majani yake mazito yenye manyoya huvumilia kuliko tulivyodhani.

Tulipomweleza hayo, mama yule alicheka, akaomba jani. Mche wake waota katika kopo la samli kando ya dirisha la mashariki, nao umechanua mara mbili. Wetu, pamoja na elimu yetu yote, umechanua mara moja.