Jina la Jirani katika Barua ya Tokyo



Askari aliyewahi kushika zamu ya mawasiliano anajua kwamba neno moja lililonukuliwa vibaya laweza kupeleka kikosi kwenye kilima kisichokusudiwa. Leo tunazitazama nchi mbili zisizopakana, Japani na Jojia, ambazo zilitatizwa na jina moja tu, na jina lenyewe lilitoka kwa jirani.

Jojia iko katika milima ya Kaukasi, kando ya Bahari Nyeusi, nayo kaskazini imepakana na Urusi. Ilijitangazia uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, na mwaka 1992 ikaanza uhusiano wa kibalozi na Japani. Wenyewe huiita nchi yao Sakartvelo. Wajapani, hata hivyo, walizoea kuiita Gurujia, jina lililowafikia kwa njia ya Kirusi, na ndilo lililoandikwa katika nyaraka za serikali. Agosti 2008 majeshi ya Urusi na Jojia yalipigana kwa siku tano, na Jojia ikavunja uhusiano wa kibalozi na jirani yake huyo. Tangu hapo, kila barua ya Tokyo iliyotaja Gurujia ilisomeka kana kwamba imepitia Moscow kwanza. Serikali ya Tbilisi ikaomba jina hilo libadilishwe.

Ombi la namna hiyo humtia mfasiri majaribuni. Katika adabu ya Kijapani si vyema kumkatalia mtu waziwazi. Husemwa kwamba jambo lake litafikiriwa. Maneno hayo yaweza kuwa ahadi ya kweli, na yaweza kuwa mlango uliofungwa taratibu. Akiyafasiri neno kwa neno, msomaji wa Tbilisi atakaa akingoja. Akiyafasiri kuwa ni kukataa, huenda akavunja urafiki ambao haukuwa na kasoro. Kamusi haimsaidii. Hana budi kujua nani ameandika, kwa cheo gani, na baada ya mazungumzo gani.

Salamu nazo zina mambo yake. Barua ya heshima ya Kijapani huanza kwa kutaja majira ya mwaka kabla ya kufikia haja. Wajojia husalimiana kwa kusema gamarjoba, neno ambalo maana yake ya asili ni ushindi. Kulipeleka Tokyo kama lilivyo ni kumshtua mpokeaji bure.

Safari hii kufikiriwa kulikuwa kwa kweli. Oktoba 2014 Rais Giorgi Margvelashvili alizuru Tokyo na kuonana na Waziri Mkuu Shinzo Abe. Aprili 2015 sheria ya Japani ikarekebishwa, Gurujia ikaondolewa na Jojia ikawekwa, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Ila katika Kijapani jina hilo ndilo pia la jimbo la Georgia, Marekani. Barua isiposema kama ni nchi au ni jimbo, karani wa masjala itambidi aisome mpaka mwisho ndipo ajue iingie jalada lipi.