Kibali cha Mzazi Katika Safari za Vijana wa Kanisa



Msimu wa likizo ni msimu wa safari. Vijana wa makanisa huenda kwenye makambi, makongamano na mashindano ya kwaya, na wengi wao kisheria bado ni watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Sheria hiyo inamtaka pia mzazi ahakikishe kuwa, wakati yeye hayupo, mtoto wake yu chini ya uangalizi wa mtu mwenye uwezo. Hivyo fomu ya kibali ni hati ya makabidhiano: nani amekabidhiwa mtoto, kwa siku ngapi na kwa masharti gani.

Yapo mazoea ya kugawa fomu jioni huku basi likiondoka alfajiri. Mzazi hutia sahihi bila kusoma. Pengine kijana hujitilia mwenyewe. Karatasi ya namna hiyo huonekana kamili mpaka siku ya shida. Mtoto mwenye selimundu, kwa mfano, aweza kushikwa na maumivu makali kwa baridi ya usiku au kwa kukosa maji ya kutosha. Kiongozi asiyeijua hali hiyo hudhani ni uchovu wa njia, na saa za kumwokoa mtoto hupotea.

Fomu yenye manufaa hutaja mahali pa kwenda na pa kulala, chombo cha usafiri, siku ya kurudi, na majina ya wasimamizi wa kiume na wa kike. Mzazi huandika maradhi ya mtoto, dawa anazotumia na zinazomdhuru, bima aliyo nayo, namba mbili za simu zinazopatikana, na ridhaa yake kuhusu matibabu ya dharura. Nakala moja hubaki nyumbani. Nyingine husafiri na kiongozi, kwani fomu iliyofungiwa katika ofisi ya kanisa haimsaidii daktari aliye mbali.

Sahihi ya mzazi haimwondolei kiongozi wajibu wake. Basi likijazwa kupita kiasi, au mahali pa kulala pakibadilishwa bila taarifa, mzazi ana haki ya kumzuia mtoto asiende. Mtoto naye asikilizwe, maana sheria inampa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Anayesema hataki kufuatana na msimamizi fulani aulizwe sababu kwa upole, wala asikaripiwe.

Mwenye mashaka amwone Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au apige bila malipo namba 116. Hayo yanazihusu vilevile safari za madrasa na za shule. Fomu na itolewe wiki mbili kabla ya safari, isomwe, iulizwe maswali, ndipo itiwe sahihi.