Deni na Mwandishi Wake: Ibara Itokayo Balad ya Jeddah



Mtu aliyelelewa Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, aingiapo Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwa lango la Bab Makkah, hajioni mgeni, kwani nyumba za matumbawe na roshani za mbao amezizoea tangu utotoni. Na katika vichochoro hivi mahujaji wetu wa Pwani, kabla ya kuelekea Makka, walibadili fedha zao kwa riali mikononi mwa masarafu. Ada haikuwa ndogo wala udhia haukuwa haba. Hata hivyo, sarafu yule alikuwa na sifa moja ambayo benki za zama zetu hazijapata kuirithi kwa ukamilifu: ikipotea mali ya watu, alidaiwa yeye, kwa jina lake na milki yake, na kila mpita njia alimjua anakokaa.

Mwaka 1926 ilifunguliwa hapa benki ya Waholanzi, makusudi yake makubwa yakiwa kuwahudumia mahujaji wa Java na visiwa jirani. Na juu ya meza yake, Agosti 1933, zilihesabiwa moja moja, kwa mkono, sarafu za dhahabu 35,000 zilizolipwa na kampuni ya Marekani kwa idhini ya kutafuta mafuta. Mamlaka ya Fedha ya Saudi Arabia ilianza kazi humu humu Jeddah mwaka 1952, na madhali katiba yake iliikataza kutoa noti, mwaka uliofuata ilitoa stakabadhi za mahujaji, ambazo ahadi yake ilikuwa riali za fedha zilizowekwa hazinani. Watu walizipenda kwa wepesi wake, hata wasiokuwa na safari ya Hija wakazitumia sokoni, mpaka zilipotoka noti rasmi mwaka 1961.

Imani ya watu kwa walinzi wa fedha zao ndiyo iliyotahiniwa mwaka 1960. Benki ya Al-Watany, iliyokuwa imeanza kazi mwaka mmoja tu nyuma, ilionekana haina uwezo wa kulipa madeni yake, na viongozi wake wamezivunja kanuni. Mamlaka ikaifilisi, shughuli zake zikaunganishwa na za Benki ya Riyad, na wenye amana wakalipwa. Kisha Benki ya Riyad nayo ikaingia taabani kwa mikopo ambayo wajumbe wa bodi walijipa wenyewe wasiirejeshe, hata serikali ikalazimika kuchukua hisa 38 katika mia.

Napenda tutue hapa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Bakara, inahusu deni: inaamrisha liandikwe, na inamtenga mdaiwa na mdai, na mwandishi aandikaye kwa uadilifu, na mashahidi. Kila mmoja ana nafasi yake. Bodi inayojikopesha imewakusanya wote hao katika kiti kimoja. Mwenye kuomba ndiye mwenye kutoa, ndiye mwenye kuandika, ndiye shahidi wa nafsi yake, na mwenye mali, yule mjane au mchuuzi aliyeweka akiba yake, hayumo kabisa chumbani. Katika itikadi yangu hapa ndipo penye asili ya maradhi, na ukubwa wa mtaji, tunaousemea sana, huja baada yake.

Sheria ya Kusimamia Mabenki ya mwaka 1966 iliyatambua hayo. Iliweka, naam, kima cha mtaji na kadiri ya amana ambazo benki ingeruhusiwa kupokea, lakini uzito wake mimi nauona penginepo: iliikataza benki kumkopesha bila dhamana mjumbe wake wa bodi au mkaguzi wake wa hesabu, ikakataza mtu mmoja kukaa katika bodi za benki mbili, na ikamzuia aliyeongoza benki iliyofilisiwa asishike tena cheo kama hicho pasipo idhini ya Mamlaka. Miaka sita ilikuwa imepita tangu Al-Watany kuanguka. Ni muda mrefu mno.

Nasi Afrika Mashariki tumechelewa zaidi, tena sheria tukiwa nazo vitabuni. Oktoba 2015, Imperial Bank ya Nairobi iliwekwa chini ya mrasimu, mkurugenzi wake mkuu akiwa amefariki mwezi uliotangulia, na habari za miamala isiyo halali Benki Kuu ya Kenya ililetewa na bodi yenyewe. Na siku hizo hizo benki ilikuwa imekwisha wauzia watu hatifungani za shilingi bilioni 2, kwa vibali vyote vilivyotakiwa. Wenye akiba wakabaki milangoni wakisoma tangazo. Wakaguzi walikuwapo miaka yote. Kilichokosekana ni mwandishi asiyemwogopa bwana mkubwa wa benki.

Basi ombi langu kwa watunga sheria wetu ni hili, nalo nalitoa kwa moyo wote: kila benki iwe na daftari la mikopo ya wajumbe, mameneja, jamaa zao na kampuni zao, likishikwa na ofisa ambaye bodi haina uwezo wa kumfukuza bila ridhaa ya Benki Kuu, wakaguzi wa Benki Kuu walilinganishe na mitambo ya hesabu bila kutoa taarifa ya kuja kwao, jumla yake isomwe kwa sauti katika mkutano wa wenye hisa kila mwaka, na mjumbe atakayebainika kuficha deni aondoke katika bodi siku ile ile, benki ikiwa ingali nzima na wenye amana wangali na chao.