Mshale Hunyooshwa Kabla ya Kurushwa
(Maneno ya mwalimu wa shule ya kambi, siku ya kumbukumbu, Bujumbura)



Mtoto aliniuliza darasani kama babu zake walikuwa na elimu kabla ya shule kuja. Nilimjibu kwa mshale.

Wahadzabe, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hawachukui mshale wowote tu. Kwa ndege, hutosha wenye ncha ya mti. Kwa mnyama mkubwa kama twiga, huchagua wenye chembe cha chuma, pengine kilichofuliwa kwa msumari, na kukipaka sumu ya mimea. Uti huupasha moto, huushika kwa meno na kuukunja pole pole mpaka unyooke. Nyuma hufunga manyoya ya ndege, ili mshale usiyumbe njiani. Uti uliopinda hauponi kwa nguvu za mkono: ukivuta upinde zaidi, utapotea mbali zaidi. Hiyo ni fizikia bila kitabu.

Wazee mliowinda kwenu, mlifika hapa bila upinde, lakini elimu mlikuja nayo. Mkinyamaza, itazikwa pamoja nanyi. Naomba kila Jumamosi mmoja wenu aje awaonyeshe watoto namna ya kuchagua uti na kuunyoosha. Sumu hatuitaki kambini. Wageni wetu, kwenu tunaomba madaftari, tuandike watakayosema.