SIRI YA VITA NA SIRI YA BEI: Ulinzi wa Taifa mbele ya Dhamiri ya Mkristo

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia)



Mada mliyonipa ni nzito. Mmeniomba nizungumzie juhudi za kulipatia jeshi letu silaha na mitambo ya kisasa, pamoja na usalama wa nchi zinazotuzunguka. Najua wapo walionong'ona: Padre ana nini na mambo ya mizinga? Jibu langu ni fupi. Silaha hununuliwa kwa kodi ya mkulima na mvuvi; hushikwa na vijana mliowaleta wenyewe kanisani wabatizwe; na zikitumika, huwapata watu walioumbwa kwa mfano wa Mungu. Jambo la namna hiyo haliwezi kuachwa nje ya dhamiri.

1. Kulinda ni wajibu

Kanisa halifundishi kwamba kila askari ni mtenda dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unawatambua wanajeshi kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, ilimradi waifanye kazi yao kwa haki. Aliyekabidhiwa watu awalinde, naye akaacha lango wazi, hawezi kunawa mikono.

Sisi Watanzania tulijifunza hayo kwa uchungu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuivamia ardhi yetu ya Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, daraja la Kyaka likavunjwa, na kanisa la Kyaka likabaki gofu. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuwa mtu wa kupenda vita, aliona kwamba hakuna njia nyingine. Vita vile viliufikisha utawala wa Amin mwisho: tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa.

Lakini wazee waliomo humu watawaambia na upande wa pili. Baada ya ushindi, taifa liliambiwa lifunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ilipita, na mikanda haikufunguliwa. Sukari, sabuni na vitenge vikawa vitu vya foleni. Hata vita vya haki vina bei, na mlipaji wake wa kwanza ni maskini.

Tusisahau pia kwamba kutovitunza vifaa vya jeshi kuna gharama yake. Aprili 2009 mabomu yaliyohifadhiwa katika kambi ya Mbagala yalilipuka. Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Makumi ya raia walipoteza maisha, na nyumba nyingi zikabomoka. Kwa hiyo anayesema kwamba kila shilingi inayokwenda jeshini imepotea, hasemi kweli. Ghala salama, na silaha chakavu kuteketezwa kwa utaratibu, huokoa maisha ya watu.

2. Mnara uliojengwa bila hesabu

Basi, swali letu haliko katika kuwa na jeshi au kutokuwa nalo. Swali letu liko katika Injili ya Luka, sura ya 14, pale Bwana wetu anapotoa mifano miwili iliyofuatana: wa mtu atakaye kujenga mnara, na wa mfalme atakaye kwenda vitani. Wote wawili wanatakiwa kwanza kuketi na kuhesabu. Yesu alikuwa akifundisha gharama ya kumfuata. Lakini aliuchukua mfano wake katika jambo ambalo kila mwenye akili analikubali, yaani kwamba mnara na vita havianzwi kabla ya hesabu.

Sisi tulikuwa na mnara wetu. Nazungumzia rada. Mwaka 2001 Serikali ya Tanzania ilikuwa inanunua kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems mtambo wa rada wa kuongozea ndege, kwa paundi milioni 28, yaani dola milioni 40 hivi. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na Novemba mwaka huo huo ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu ya madeni hayo, baada ya Makanisa duniani kote kupiga kelele katika kampeni ya Jubilei ya mwaka 2000. Benki ya Dunia ililalamika kwamba mtambo huo ni ghali mno, na kwamba haufai kwa mahitaji ya usafiri wa anga wa kiraia. Hata ndani ya Serikali ya Uingereza, waziri wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga. Hata hivyo, Desemba 2001 Serikali ya Tony Blair ilitoa kibali cha kuuza.

Kumbukeni kipindi chenyewe. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Watoto walimiminika madarasani, wakaketi sakafuni, wengi wao wakichangia kitabu kimoja.

Ukweli ulikuja polepole. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba dola milioni 12.4 hivi, karibu theluthi moja ya bei ya mkataba, zililipwa kwa wakala mmoja na makampuni yake. Desemba 2010, mbele ya mahakama mjini London, kampuni ilikiri kosa la kutoweka vizuri kumbukumbu za hesabu za malipo hayo. Haikushitakiwa kwa rushwa, nasi tuseme hivyo hivyo bila kuongeza chumvi. Ilitozwa faini ya paundi 500,000, na ikatakiwa kuwalipa wananchi wa Tanzania paundi milioni 29.5. Fedha hizo zilifika mwaka 2012, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wakaziita chenji ya rada.

Ndugu zangu, msilicheke jina hilo. Lina mahubiri ndani yake. Dawati lilifika, lakini yule mtoto aliyeketi sakafuni mwaka 2002 alikuwa amekwisha kumaliza shule. Haki iliyochelewa miaka kumi haimrudishii mtoto utoto wake.

3. Siri ya aina mbili

Kasoro kubwa ilikuwa wapi? Kila anapouliza raia, huambiwa: hayo ni mambo ya usalama, hayasemwi hadharani. Hapa nawaomba tutenganishe siri mbili.

Ipo siri ya vita: kikosi kiko wapi, kina risasi ngapi, kitapita njia ipi. Siri hiyo ni halali. Anayeitoa anahatarisha maisha ya askari, na Mkristo mwema ataitunza.

Ipo pia siri ya bei: mtambo umegharimu kiasi gani, nani amelipwa ushuru wa udalali, mkopo umetoka wapi na utalipwa kwa miaka mingapi. Siri hii haimlindi askari hata mmoja. Muuzaji anaijua bei. Dalali anaijua. Benki inaijua. Asiyeijua ni mlipaji peke yake. Siri ya namna hiyo ni pango, na pangoni ndiko mwizi hujificha. Tena anayeibiwa wa kwanza ni jeshi lenyewe, kwa maana theluthi iliyoliwa na udalali ingeweza kununua vipuri, mafuta, viatu na dawa za askari.

Hesabu ya kweli haiishii kwenye bei ya siku ya kununua. Mtambo wa kisasa hudai vipuri kila mwaka, mafundi waliosomeshwa, na mara nyingi humfunga mnunuzi kwa muuzaji kwa miaka mingi. Ndiyo maana Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kazi ya kukagua. Yako mambo ambayo kamati ya Bunge inaweza kuyasikiliza faraghani, hapana ubaya. Ubaya ni pale yasiposikilizwa na mtu ye yote.

4. Amani ya jirani

Tunaishi katika eneo lenye moto. Tangu mwaka 2017 waasi wamewatesa watu wa Cabo Delgado, Msumbiji, na Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mashariki mwa Kongo, Desemba 2017, zaidi ya askari kumi wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio moja. Desemba 2023 nchi za SADC zilipeleka kikosi chao huko huko, wakiwamo vijana wetu. Januari 2025 mji wa Goma ukatwaliwa na waasi wa M23, na Machi 2025 wakuu wa SADC wakaamua kukihitimisha kikosi hicho.

Tunajifunza nini? Kwamba bunduki huweza kuzuia mlango kwa muda, lakini haiponyi ugonjwa uliomo nyumbani. Ardhi, madini, ukabila na vijana wasio na kazi havipigwi risasi vikaisha. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wa Populorum Progressio wa mwaka 1967, alipendekeza mfuko wa dunia kwa ajili ya maskini, utokane na sehemu ya fedha za silaha. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia wazo hilo mwaka 2020 katika Fratelli tutti. Hadi leo wito huo haujaitikiwa.

5. Twende tukafanye nini?

Kwanza, tuwaombee na kuwatunza askari wetu na familia zao, hasa wajane na yatima. Pili, kila mwaka bajeti ya Wizara ya Ulinzi inaposomwa bungeni, kamati zetu ziifuatilie, na mbunge ajapo jimboni aulizwe kwa adabu. Tatu, tukatae udalali wa siri hata huku kwetu. Parokia inayonunua mabati bila stakabadhi haina kinywa cha kuuliza habari za rada.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Je, tumewahi kumuuliza kiongozi wetu bei ya kitu kilichonunuliwa kwa fedha zetu? Kama hatujauliza, ni kwa heshima au kwa woga?
2. Ni siri zipi katika parokia na kijiji chetu zinamlinda mtu, na zipi zinamlinda mwizi?
3. Tunawapokeaje wakimbizi na askari wanaorudi kutoka vitani?

Maria, Malkia wa Amani, utuombee.