Vita vya Kagera: Tufundishe Ukweli Mzima



Wanafunzi wanapouliza ni nani aliyeanzisha Vita vya Kagera, tusiwajibu kwa jazba. Idi Amin alidai kwamba majeshi yetu ndiyo yaliyotangulia kuvuka mpaka. Matendo yake yamkana: askari wake waliivamia Kagera Oktoba 1978, na Novemba 1 akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda. Anayejihami tu hajitangazii ardhi ya jirani.

Lakini ukweli hauchagui upande. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote waliishambulia Uganda wakitokea katika ardhi yetu. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka ule yakatuliza moto bila kuuzima. Na majeshi yetu yalipoiteka Kampala Aprili 11, 1979, baadhi ya viongozi wa Afrika walitulaumu.

Hayo nayo yafundishwe. Kuyataja si kumtakasa mvamizi, kwani ya 1972 hayahalalishi uporaji wa 1978. Mtoto tunayemficha nusu ya habari ataisikia kwingine, na siku hiyo hataiamini hata nusu tuliyomfundisha.